Alama kwenye Bega la Solange

Jumamosi iliyopita Solange alikuja kuniona hapa Katy, akiendesha gari mwenyewe kutoka Fort Worth, na mama yake pembeni ameshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili kama mtu aliyepandishwa trekta. Walikuwa wanakwenda harusini Sugar Land, wakasema hawawezi kupita karibu na mzee bila kumsalimia. Mama Solange aliposhuka hakunisalimia kwanza. Aliegemea gari akasema, "Papa, huyu mutoto atanimaliza. Kila lori ikipita, miye nafunga macho." Solange akacheka, akanipa shikamoo yangu, akanikumbatia. Ana miaka kumi na sita sasa. Alikuwa amevaa gauni lisilo na mikono, na pale juu ya bega la kulia nikaiona alama yake, ileile, kiduara kidogo kinachong'aa kama mahali palipoguswa na kijiko cha moto. Nilitaka kuwakaribisha ndani lakini macho yalikuwa yameshaganda pale begani. Mwenyewe akaona. "Babu, bado unanikagua?" Mama yake akanitazama, halafu tukacheka wote watatu, kicheko cha watu waliowahi kuponea mahali pamoja. Tangu waondoke nimekuwa nikiandika haya kwenye meza ya binti yangu Neema, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, maana Neema amesema nisipoyaandika nitaendelea kumsimulia yeye, na yeye anayajua.

Mwaka ninaousema ni 2018, mwaka wangu wa kwanza Marekani. Mambo ya ukoo wangu nitayaacha, hayana msaada hapa. Jambo moja tu la zamani lazima nilitaje, vinginevyo mtaniona mjinga bure, na mimi nataka mnione mjinga kwa sababu yake halisi. Ujanani nilifanya kazi upande wa Mpwapwa na Kongwa, kazi ya kushika ng'ombe. Bwana mifugo anachanja, mimi nashika pembe. Ng'ombe wanaingizwa mmoja mmoja kwenye uchochoro wa miti, sindano inaingia, kisha mimi nakata pengo dogo kwenye sikio. Pengo lile ndilo lilikuwa cheti. Mwenye ng'ombe hajui kusoma, mimi najua kwa kubahatisha, ng'ombe ndiyo usiseme. Lakini sikio likiwa na pengo kila mtu anajua kwamba huyu amechanjwa sotoka, apite mnadani. Karatasi inaliwa na mchwa, inalowa, inasahauliwa mfukoni ikafuliwa. Sikio halifuliwi. Nikazeeka na imani hiyo: kilichochanjwa kina alama, na kisicho na alama kirudishwe nyuma kwenye foleni.

Nilifika Fort Worth mwezi wa tatu, kuja kumsaidia Neema kulea mtoto. Neema alikuwa muuguzi msaidizi hospitalini, na mwanawe Isaka alikuwa na miezi miwili. Tulikaa ghorofa ya pili, vyumba viwili vyenye zulia la rangi ya vumbi, friji inanguruma kama mgonjwa, na darini king'ora cha moshi kilichonichukia tangu siku ya kwanza. Nikikaanga samaki, kinalia. Nikiunguza kitunguu, kinalia, na mimi nasimama juu ya kiti nakipepea kwa kanga ya marehemu mke wangu. Wiki ya kwanza nilinunua unga kwenye duka la Wameksiko nikidhani ni wa sembe. Ulikuwa unga wao wa chapati za mahindi, nikausonga ukanata mwikoni kama gundi ya fundi viatu. Neema aliukuta sufuriani akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nasema haya ili mjue kuwa mwaka ule nilikuwa nakosea kila siku, makosa madogo madogo ya kuchekesha, na ndiyo maana lile kubwa sikulitambua lilipokuja. Lilivaa nguo za yale madogo.

Lilianzia kwenye beseni. Nilikuwa namwogesha Isaka, nikamgeuza mkono wa kulia, hakuna kitu. Wa kushoto, hakuna. Ngozi laini kama yai. Neema alikuwa amenihakikishia kuwa mtoto amechanjwa kwa wakati.

"Neema, huyu hawajamchanja."

"Wamemchanja, Baba. Nilikuwepo, alilia."

"Alama iko wapi?"

"Huku hawatoi ile ya alama."

"Basi wamemchoma maji."

Neema alikuwa anavaa viatu vya kazini. Akaniambia, "Baba, naomba usimwambie mtu yeyote hilo neno." Moyoni nilimhurumia binti yangu. Kasoma, anavaa sare, anapima watu presha, na bado wazungu wamempiga chenga.

Mlango wa kutazamana na wetu alikaa Mama Solange, Mkongomani aliyeishi miaka mingi kambini Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, na Solange alizaliwa kulekule kambini. Alikuwa akifunga vifurushi kwenye ghala moja kubwa, anaondoka na gari la wenzake asubuhi, anarudi saa kumi na moja jioni. Solange, miaka tisa wakati huo, kila siku alishuka kwenye basi la shule akaja moja kwa moja kwangu, akala, akacheza na Isaka mpaka mama yake arudi. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, tukaelewana vizuri kuliko ninavyoelewana na watu wengi. Mama yake alinilipa kwa sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu, lakini sitamfananisha yeye na wapishi wa kwetu. Aliitwanga mwenyewe, akaitia mawese na samaki mkavu, na alipofungua sufuria hata king'ora kilinyamaza kwa heshima. Solange alipokuja siku ya kwanza akiwa na fulana, nilimwona begani. Alama nzuri, ya kulia, mahali palepale pa kwangu. Nikamwambia mama yake, "Huyu ndiye mtoto aliyechanjwa. Sio huyu wetu wa hapa." Mama Solange alifurahi kama nimemsifia shule.

Nieleze pia kuhusu chakula cha Jumapili, maana nilijifunzia kiburi pale. Baada ya ibada Watanzania na Wakenya tulikula pamoja kwenye ukumbi wa kanisa, pilau, kachumbari, chapati za Wakenya zenye tabaka, na mazungumzo yalikuwa mengi kuliko nyama. Siku moja yakafika kwenye chanjo. Mzee Otieno, fundi wa mabomba, mtu wa maneno, akasema sindano hizi zimetengenezwa kufunga kizazi cha Mwafrika. Mkewe akamjibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Otieno, umechanjwa zote, na una watoto saba. Ungefungwa kidogo tu tungepumua." Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama mwingine akasema kwa upole kwamba mtoto wa shoga yake alianza kuongea, akachanjwa, akanyamaza, mpaka leo yuko kwenye dunia yake. Hapo hakuna aliyecheka. Neema alimsogelea akamwambia kwamba ugonjwa ule, usonji, huanza kuonekana kwenye umri uleule wa sindano, hata kwa wasiochanjwa, na kwamba waliochunguza wametafuta sana hiyo sindano yenye kosa na hawajaiona. Yule mama alisikiliza akafuta macho. Mimi pale nilikuwa nakula pilau najiona bingwa. Mimi sipingi chanjo, nilijiambia. Mimi nimechanja nusu ya ng'ombe wa Ugogo. Hawa ndio wasiojua. Ukitaka kumwona mtu aliyepotea vizuri, mtazame anayedhani yuko upande wa wanaojua.

Shule zilipofunguliwa, mwezi wa nane, Mama Solange alikuja na barua, akaiweka mezani kwangu kati ya bakuli la wali na chupa ya maziwa ya Isaka. "Papa, banasema Solange hana machanjo. Banataka makaratasi." Makaratasi yake yalipotea na mfuko mmoja walipohama kutoka jimbo walilofikia kwanza. Ili kumpeleka mtoto kliniki alihitaji kukosa kazi, na ghalani ukikosa mara mbili unaanza kuangaliwa vibaya. Neema alikuwa kazini. Ningeweza kusema, tumsubiri Neema asome. Hilo ndilo neno moja ambalo mwaka mzima ningelisema mara moja tu likatosha. Badala yake nilimwita Solange, nikampandisha mkono wa fulana, nikaweka kidole juu ya alama kama bwana mifugo mkuu. "Hii ni nini? Huyu amemaliza. Walimu hawa hawajui kusoma alama." Solange akauliza kwa Kiingereza, amemaliza nini. Nikamwambia, "Kila kitu, mjukuu wangu."

Lakini shule haikutaka bega, ilitaka karatasi. Mwenzake mmoja wa ghalani akamwambia Mama Solange kwamba Texas kuna fomu unaagiza, inakuja kwa posta, unatia sahihi mbele ya mtu wa muhuri, na shule haikusumbui tena. Ikaja. Ilikuwa fomu ya mzazi anayekataa chanjo kwa sababu ya dhamiri yake. Sisi hatukukataa chochote! Lakini tuliiona ina muhuri, tukaona hii ndiyo karatasi ya kusema mtoto amemaliza. Nilikwenda naye hata kwa mtu wa muhuri, nimevaa koti langu la suti, nikasimama nyuma ya kiti chake kama mshenga. Muhuri ukagonga, tukashikana mikono. Tuliporudi alinipikia sombe. Tulikula fomu ile na ugali, ndivyo ninavyoona sasa.

Miezi ikapita. Baridi ikaanza, na Neema akaamua kwamba nazeeka vibaya mbele ya dirisha linalotazama magari, niende mara mbili kwa wiki kwenye kituo cha wazee wanakocheza karata na kunywa supu, siku zake za mapumziko. Kituo kilitaka nipimwe kifua kikuu. Nikadungwa kidogo kwenye ngozi ya mkono, nikaambiwa nirudi baada ya siku mbili. Siku ya pili mkono ulikuwa umevimba kama nimeumwa na nyigu. Nikajua nakufa. Niliandika hata jina la mtu wa kumpa koti.

Aliyeusoma mkono ule alikuwa muuguzi Mkenya, Sista Wambui, mwanamke mnene wa sauti ndogo, tuliyekuwa tukionana naye kanisani. Akapima uvimbe kwa rula. "Mzee, umefura kweli. Ulidungwa BCG ukiwa kijana?"

"Ndiyo hiyo?" nikamwonyesha bega la kulia.

"Hiyo. Chanjo ya kitambo inaweza kufanya mkono ufure hivi. Lakini sitabahatisha, tutakupima damu na tupige picha ya kifua. Na hii ya kushoto?"

"Hiyo nayo ya zamani. Ya ndui."

"Sawa. Kushoto ndui, kulia TB."

Alisema hivyo akiwa anaandika, kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Mimi nikabaki nimekaa na mikono yote miwili wazi. Nikamuuliza, polepole, maana nilikuwa nimeanza kuliogopa jibu: "Kwa hiyo hii ya kulia, hii wanayo watoto wote wa kwetu, hii si ya kila kitu?"

"Kila kitu gani, Mzee? Ni ya TB pekee. Inasaidia mtoto mdogo asishikwe na ile TB mbaya ya ubongo. Surua haiijui. Polio haiijui. Na kuna wenye walichanjwa na alama haikutoka, na wako sawa tu. Ona yangu iko wapi." Akapandisha mkono wa sare. Alama yake haikuwa begani. Ilikuwa chini, kwenye mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. "Kenya wanadungia hapa. Na huku Texas hawadungi kabisa, kwa sababu TB si nyingi."

Nitawaambia kilichonipiga, na sio maneno yake. Kilichonipiga ni ng'ombe. Pengo la sikio lilikuwa la sotoka tu. Homa ya mapafu tulichanja mkiani, na wengine mkia ulioza ncha, ukiona mkia mfupi unajua. Mwenye ng'ombe akija na sikio lenye pengo akasema huyu amechanjwa homa ya mapafu, bwana mifugo alimcheka: nionyeshe mkia, baba. Hata mimi nilimcheka! Ugonjwa mmoja, alama moja. Nililijua hilo kabla sijaota ndevu, nikalijua kwa mikono, na nilikuwa nimebeba alama mbili za magonjwa mawili mwilini mwangu miaka yote, lakini nilipovuka bahari nililisahau, nikamhukumu mtoto wa watu kwa sikio.

Neema alinirudisha nyumbani kwa gari akidhani kinachoniuma ni mkono. Mama Solange alikuwa ndiyo anarudi, anavua buti mlangoni. Niliingia nyuma yake. Kwenye friji yake kulikuwa na barua za shule zimebanwa na sumaku, rundo, kwa sababu baada ya ule muhuri aliona hazimhusu tena. Ya juu ilikuwa na maandishi mekundu. Nikamwita Neema aje aisome. Akasoma akiwa amesimama, akamkalisha Isaka sakafuni, akasoma tena. Mtoto mmoja wa darasa la Solange alikuwa ameugua surua. Watoto wenye fomu ya kukataa wakae nyumbani wiki tatu. Barua ilikuwa na wiki nzima pale kwenye friji.

"Fomu gani ya kukataa?" Neema akauliza. Solange alikuwa zuliani ameshamnyanyua Isaka, amempakata, anampulizia shavuni ili acheke. Isaka alikuwa na miezi kumi. Sindano yake ya surua ilikuwa bado, huku wanasubiri mtoto afikishe mwaka. Neema alimwangalia Solange, akamwangalia mwanawe, akaenda akamchukua polepole bila kumtisha mtoto yeyote kati ya wale wawili. Sijawahi kuona mtu akitembea polepole namna ile.

Mama Solange akanigeukia mimi. "Papa, ulisema amemaliza."

"Nilisema."

"Ulishika mukono yake. Pale kwenu, mbele ya chakula."

"Nilishika."

"Na sasa?"

"Sasa nakwambia nilikosea. Ile alama ni ya kifua kikuu tu. Nilimsoma mwanao kama ng'ombe, tena nikamsoma vibaya."

Ningependa kuandika kwamba alinielewa. Alinifukuza, nikasimama nje ya mlango wake. Kisha akamwambia Neema mlangoni kwamba hatampeleka popote, maana kama kambini walimchanja na hapa wakarudilia, damu ya mtoto itaharibika, na mzee aliyedanganya mara moja anaweza kudanganya mara mbili. Hilo la pili lilikuwa na haki yake. Neema akampigia Sista Wambui, akaweka sauti juu, na Wambui akasema kwa ile sauti ndogo, "Mama, kama haujui alipata nini, tunampatia tena. Kurudia hakuharibu damu. Kutopata kabisa ndiyo shida. Siku za kuzuia surua ya darasani zimepita, lakini dunia iko na surua zingine. Lete yeye kesho." Mama Solange alikuwa bado na buti moja mguuni. Akasema atakosa kazi. Akaongeza, bila kunitazama, "Na huyu mzee aende. Aone mutoto akilia."

Nikaenda. Mtoto hakulia. Mimi nilijitolea nichanjwe pamoja naye, nikapandisha mkono, nikaulizwa umri na kama niliwahi kuugua surua utotoni. Niliugua, karibu nife. Basi wewe surua umeshaijua, huhitaji, wakasema, ila ya mafua tutakupa. Nikadungwa ya mafua na, Mungu anisamehe, nikapiga kelele. Solange akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza kwa hiari yake, "Babu, mtoto ni mimi ama ni wewe?" Mama yake aligeukia ukutani. Nadhani alikuwa anacheka.

Wiki tatu zile, zilizokuwa zimebaki mbili, mimi ndiye niliyekaa na Solange kwao, mchana kutwa, kwa kuwa surua yangu ya utotoni ilikuwa imenipa kibali. Isaka alipelekwa kwa mke wa Mzee Otieno. Nilikaa kwenye kochi la kijani lililochanika, tukala mikate na ndizi za kukaanga, nikamchorea masikio ya ng'ombe kwenye daftari la hesabu: hili la sotoka, huu mkia wa homa ya mapafu. Akanifundisha kusema majina ya siku kwa Kiingereza. Kila asubuhi nilimtazama macho kama yamekuwa mekundu, nyuma ya masikio kama kuna vipele. Kila asubuhi hakuna. Majibu yangu ya kifua yakaja, damu safi, picha safi, na nilishangaa jinsi yalivyonipita bila kunigusa. Nilikuwa na mapafu mazuri na sikujali.

Siku ya tisa baada ya sindano, Solange aliamka na homa. Mchana vipele vidogo vikatoka kifuani. Mama yake alirudi akakuta, akapiga kelele jengo zima likasikia. "Munaona? Munaona? Alikuwa muzima! Mulimutia ugonjwa kwa sindano!" Na ndani yangu kulikuwa na mtu anasema vilevile. Wambui akatuambia twende kliniki lakini tusiingie. Tukae ndani ya gari kwenye maegesho. Akatoka yeye amefunika pua na mdomo, akamchukua Solange ute wa koo kupitia mlango wa gari. Akasema, "Inaweza kuwa ni sindano. Kuna watoto hupata homa na vipele kidogo wiki ya pili, vinaisha, na hawaambukizi mtu. Inaweza kuwa ni ile ya darasani. Kwa macho siwezi kujua. Kipimo kitajua." Nilimpenda kwa kusema siwezi kujua. Mimi sikuwahi kulisema hilo neno mwaka mzima.

Majibu yalichukua siku mbili. Namba waliyopewa ilikuwa ya Neema. Siku ya pili saa tisa nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo wa Mama Solange, mtoto amelala kochini, homa imeshuka lakini mimi siamini tena ninachokiona kwa macho, simu ikaita.

"Baba, sio."

"Sio nini?"

"Sio surua ya ugonjwa. Ni sindano tu. Na Isaka yuko salama. Baba, unanisikia?"

Nilimsikia. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mchele umemwagika kwenye zulia lote, nauokota punje moja moja kama kuku. Solange akafungua jicho akauliza nini. Nikamwambia lala, mama, hakuna kitu. Hakuna kitu! Maneno matamu kuliko yote niliyowahi kuyasema kwa mtoto.

Lakini mama yake hakujua. Ghalani simu wanafungia kabatini mpaka muda wa kutoka. Mimi siendeshi, na Fort Worth mtu asiye na gari ni mfungwa. Basi nilimwachia Solange mlango wazi, nikavaa lile koti la suti, nikashuka kusimama kwenye maegesho penye baridi, nikamsubiri. Sikufikiria atakachokiona. Gari la wenzake lilipoingia, aliona mzee amesimama nje peke yake kavaa suti, na alianza kulia kabla mlango haujafunguka. Nikainua mikono yote miwili juu nikaanza kucheza. Sikujua nifanye nini kingine. Nilicheza ngoma ya kwetu, ya kuruka, kwa magoti yale, katikati ya magari, napiga kelele, "Sio! Sio! Ni sindano tu!" Akatoka akanishika kola ya koti kwa mikono miwili, akanitikisa, akanitikisa tena, halafu akaweka paji la uso kifuani mwangu. Wenzake ndani ya gari wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Mwezi wa kwanza Isaka alitimiza mwaka, akapata sindano yake ya surua, na Solange, ambaye alikuwa ameshapata ya pili, alimshika mkono. Fomu yetu yenye muhuri Neema aliomba shuleni ifutwe. Mwaka uliofuata tukahamia huku Katy, pembeni ya Houston, Neema alipopata kazi bora. Halafu ikaja korona na watu wakaanza kunipigia simu, wazee wenzangu, wakiniuliza mimi naonaje kuhusu sindano itakayokuja. Niliwajibu wote neno moja: mimi sijui, ngoja nikupe namba ya Sista Wambui.

Jumamosi ile, kabla hawajaondoka kwenda harusini, nilimsindikiza Solange mpaka kwenye gari. Nikamuuliza, "Karatasi zako ziko wapi?" Alijua ninachokisema. Akatoa simu, akaonyesha picha ya kadi yake ya chanjo, mistari mingi, maandishi madogo. Macho yangu hayasomi tena ya namna hiyo. "Nisomee," nikamwambia. Mama yake akasema tumechelewa, bi harusi hatungojei. "Nisomee zote." Akasoma, mstari baada ya mstari, majina mengine magumu kama ya dawa za majosho, akataja na tarehe, na mimi nimeinamisha kichwa, nimeweka kidole begani pake pasipo na kazi yoyote. Aliposoma surua nikamsimamisha.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, Babu."

"Haya," nikamwambia. "Sasa washa gari. Na malori yapishe."